Dola Yaweza Kunyamaza, Lakini Isidanganye

Kuanzia mwaka 1955, marubani wa ndege za abiria nchini Marekani walianza kuripoti kitu cha ajabu. Ilikuwa jioni, jua limekwisha kuzama na ardhi chini yao imeshaingia giza, nao wakaona juu yao, mbali sana, kitu kinachowaka kama moto. Ndege zao zilikuwa zikiruka kati ya futi 10,000 na 20,000, na hata ndege nyingi za kivita za wakati ule zilibaki chini ya futi 40,000. Raia wengi hawakudhani kwamba binadamu ana chombo cha kuruka juu ya futi 60,000. Chombo hicho kilikuwapo. Kiliitwa U-2, ndege ya upelelezi iliyotengenezwa kwa siri na kampuni ya Lockheed kwa ajili ya shirika la ujasusi la CIA, ikaanza kujaribiwa katika jangwa la Nevada mwezi Agosti mwaka huo. Mwanzoni haikupakwa rangi, mabawa yake yaling'aa kama fedha, na kwa kuwa iliruka juu mno, jua lililokwisha kumzamia rubani wa abiria lilikuwa bado linaimulika. Marubani hawakuwa wakiota. Waliona walichokiona, wakaandika kwa uaminifu, wakapeleka taarifa mahali panapostahili. Taarifa zao zilifika kwa wachunguzi wa mradi wa Jeshi la Anga ulioitwa Blue Book. Wachunguzi hao wakawasiliana na ofisi ya U-2 mjini Washington, wakalinganisha saa za ripoti na saa za safari, na jibu wakalipata. Kisha umma ukaambiwa kwamba kilichoonekana ni chembe za barafu angani, au mwanga uliopindishwa na hewa ya joto iliyokaa juu ya hewa baridi. Haya si maneno ya wazushi. Yameelezwa na mwanahistoria wa serikali yenyewe, Gerald Haines, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1997.

Swali langu si kama kuna viumbe wengine ulimwenguni. Ushahidi ulioko hadharani hautoshi kumshawishi mtu makini kwamba chombo cha sayari nyingine kimewahi kutua au kuanguka duniani, na hoja yangu haitegemei jambo hilo hata kidogo. Swali ni la maadili, na ni la zamani kuliko ndege: je, serikali inayowalinda raia wake dhidi ya adui ina haki ya kuwadanganya raia hao hao? Wengi hulijibu kwa kuchanganya mambo mawili. Anayeitetea serikali husema kila nchi ina siri zake, basi uongo mdogo wa kulinda siri ni halali. Anayeishambulia husema uongo ni haramu, basi na siri ni haramu. Wote wawili huchukulia kwamba kuficha na kudanganya ni kitendo kimoja, kinachozidiana ukali tu. Nashikilia kwamba ni vitendo viwili tofauti. Kwamba dola inayo haki ya kwanza na haina ya pili. Na kwamba kisa cha vitu visivyotambulika angani kinaionyesha tofauti hiyo kwa uwazi usio wa kawaida. Uongo mwingi wa serikali huhusu mambo ya mbali ambayo raia hakuyashuhudia. Huu ulihusu kitu alichokitazama kwa macho yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa amana. Mtu aliyekabidhiwa sanduku la mwenzake ana wajibu wa kulifunga. Anaruhusiwa kumkatalia mpita njia anayeuliza kilichomo, na hata mwenye mali akija usiku amefuatana na watu wasiojulikana, ana haki ya kumwambia arudi kesho. Asichoruhusiwa ni kumwambia mwenye sanduku kwamba hakuwahi kuacha sanduku. Akisema hivyo, hata kama nia yake ilikuwa kuwapoteza wezi waliotega masikio nje ya dirisha, amekwisha kuwa mhaini wa amana, kwa maana mwenye mali sasa hana hata pa kuanzia kudai. Maarifa yaliyomo katika makabati ya jeshi ni amana ya namna hiyo: yamekusanywa kwa kodi ya raia na kwa jina la raia. Anayenyamaza humwachia raia jambo moja la msingi, nalo ni kujua kwamba kuna asilolijua. Raia huyo anaweza kuuliza tena, kumbana mbunge wake, kwenda mahakamani, au kungoja miaka ya siri ipite. Aliyedanganywa amenyang'anywa hata swali. Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alitoa kipimo kinachofaa hapa: tendo linalogusa haki za wengine si la haki ikiwa kanuni yake haiwezi kutangazwa hadharani. Kanuni ya kunyamaza hutangazika. Jeshi linaweza kusema wazi, "Hatutazungumzia safari zozote za majaribio," na siri ikabaki salama. Kanuni ya kudanganya haitangaziki. Serikali itakayosema, "Tutawapa maelezo ya uongo kuhusu mnayoyaona kila tutakapoona inafaa," imeiua kanuni hiyo palepale, kwa sababu hakuna atakayeyapokea maelezo yake tena.

Maelezo ya uongo, au hata ya haraka tu yanayotolewa ili watu wanyamaze, yana mtu anayeyalipia, na mtu huyo ni shahidi. Mwezi Machi 1966, watu wengi katika miji ya Dexter na Hillsdale, jimbo la Michigan, waliripoti taa za ajabu usiku. Miongoni mwao walikuwamo polisi na wanafunzi wa chuo. Jeshi la Anga likamtuma mshauri wake, mwanaastronomia J. Allen Hynek, naye baada ya siku chache akawaambia waandishi wa habari kwamba baadhi ya taa hizo huenda zilikuwa gesi ya kinamasi. Maelezo hayo huenda yalikuwa ya kweli kwa baadhi ya matukio, na Hynek hakuwa mwongo. Lakini watu walikuwa wameshazoea kwamba kazi ya msemaji wa jeshi katika jambo hili ni kulizima, si kulichunguza, kwa hiyo jibu lenye uwezekano wa kuwa kweli lilipokewa kama tusi. Nchi nzima ikacheka, na waliochekwa ni mashahidi. Gerald Ford, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Michigan na baadaye akawa rais, aliandika kudai Bunge lisikilize jambo hilo, akisema watu wanastahili maelezo bora kuliko hayo. Raia anayeambiwa na dola yake kwamba macho yake yamemdanganya, ilhali dola inajua hayakumdanganya, hapotezi habari peke yake. Anatiwa shaka katika akili yake mwenyewe, mbele ya jirani na watoto wake, ili ofisi fulani ipate utulivu. Sijui jina jingine la jambo hilo ila dhuluma.

Pingamizi la kwanza ni zito, na ni lazima lijibiwe kwa uzito wake. Adui anasoma magazeti yale yale wanayosoma raia. Kumweleza mkulima wa Nevada ukweli ni kuieleza Moscow. Zaidi ya hayo, watetezi husema, ukimya wenyewe husema: jeshi likieleza ripoti tisa na kuinyamazia ya kumi, mpelelezi yeyote atajua pa kutazama. Sehemu ya hoja hii ni kweli, na ndiyo sababu nimesema dola ina haki ya kunyamaza. Lakini haifiki inapotaka kufika. Ukimya unaofichua ni ukimya wa kubagua tu. Ukimya wa kanuni moja kwa ripoti zote zilizo karibu na eneo la majaribio haufichui chochote. Baadaye CIA yenyewe ilijifunza jambo hili. Mwaka 1975, ilipoulizwa kuhusu meli ya Glomar Explorer iliyotumika kuinua nyambizi ya Kisovyeti iliyozama, ilijibu kwamba haiwezi kuthibitisha wala kukanusha, na mahakama za Marekani zimelikubali jibu la namna hiyo tangu wakati huo. Ni jibu linaloudhi, lakini si uongo, na siri za taifa halikuzivunja. Kuhusu U-2 yenyewe, tazama ni nani hasa aliyedanganyika. Ilipovuka anga ya Umoja wa Kisovyeti kwa mara ya kwanza, tarehe 4 Julai 1956, rada za Kisovyeti ziliiona, na siku chache baadaye Moscow ikapeleka barua rasmi ya malalamiko. Tangu hapo adui alijua kwamba Marekani ina ndege inayoruka juu kuliko zote. Aliyeendelea kuambiwa habari za chembe za barafu ni raia wa Marekani.

Uongo huo ulipofika mwisho wake, mwezi Mei 1960, ulianguka kwa aibu ambayo ukimya usingeileta. Rubani Francis Gary Powers aliangushwa karibu na Sverdlovsk tarehe 1 Mei. Washington ikatangaza kwamba ni ndege ya shirika la NASA ya kuchunguza hali ya hewa, iliyopotea njia baada ya rubani kuishiwa oksijeni, na ndege nyingine ya aina hiyo ikapakwa alama za NASA na kuonyeshwa kwa waandishi. Tarehe 7 Mei Nikita Khrushchev akatangaza kwamba anaye rubani, na yu hai. Rais Eisenhower akalazimika kukiri mbele ya dunia, na mkutano wa wakuu wa mataifa makubwa uliopangwa Paris mwezi huo ukavunjika. Angekataa kusema lolote tangu siku ya kwanza angepoteza ndege na rubani, lakini asingepoteza neno lake.

Wengine watasema kwamba sheria za vita huruhusu hila. Ni kweli. Mafundisho ya Kiislamu yanaitambua hila ya vita, na Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliwaruhusu watawala kusema uongo kwa manufaa ya mji. Lakini hila ya vita huelekezwa kwa adui anayepigana nawe, naye anajua kwamba yumo vitani na kwamba hatakiwi kuyaamini maneno yako. Raia hayumo katika uhusiano huo. Amekupa utii wake na kodi yake, na katika nchi yenye uchaguzi amekupa hata mamlaka yenyewe, kwa sababu anaamini kwamba mko upande mmoja. Ukimtendea kwa kanuni za adui, umebadilisha uhusiano wenu bila kumwambia. Kuhusu Plato, alikuwa akiujenga mji ambao watawala wake hawachaguliwi wala hawaondolewi na wananchi, kwa hiyo ruhusa yake haiwezi kuhamishiwa katika jamhuri. Tena kuna hatari ambayo Vita Baridi iliionyesha waziwazi: vita isiyotangazwa haina siku ya kumalizika, basi ruhusa iliyotolewa kwa dharura hugeuka kuwa desturi ya ofisi.

Jopo lililoitishwa na CIA mwezi Januari 1953 chini ya mwanafizikia H. P. Robertson linaonyesha jinsi desturi hiyo ilivyozaliwa. Majira ya joto ya 1952 rada za Washington zilikuwa zimenasa vitu visivyoeleweka usiku kadhaa, ndege za kivita zikarushwa, na magazeti yakajaa habari hizo. Wanasayansi wa jopo, miongoni mwao Luis Alvarez ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, walikaa siku chache wakapitia ripoti, wakaona kwamba vitu hivyo si tishio. Walichoogopa ni watu. Waliogopa kwamba wingi wa ripoti ungeziba njia za mawasiliano siku ambayo Wasovyeti wangeshambulia kweli, na kwamba umma ungeingiwa na taharuki. Kwa hiyo wakapendekeza kampeni ya kuwaelimisha watu ili jambo hili lipoteze mvuto wake, kwa kutumia televisheni na filamu, na wakashauri vikundi vya raia vinavyochunguza mambo haya vifuatiliwe. Hofu ya njia za mawasiliano ilikuwa ya busara. Lakini dawa yake ilikuwa kuongeza watu wa kupokea ripoti na kuzichuja, si kuwafanya watoa ripoti waone haya.

Hoja ya taharuki ndiyo inayoshikamana zaidi na dini. Inasemekana mtu wa kawaida hawezi kubeba habari ya kwamba hatuko peke yetu, kwamba misikiti na makanisa yangetikisika, na kwamba kwa huruma wakubwa wanatufichia. Hata ripoti ambayo NASA iliagiza kutoka Taasisi ya Brookings, iliyokamilishwa mwishoni mwa 1960, ilitahadharisha kwamba kugunduliwa kwa viumbe wenye akili kungeweza kuvuruga jamii. Wanaosema hivyo hawaijui imani wanayoihurumia. Msomaji wa Kurani anajua kwamba aya ya 29 ya Surat Ash-Shura inataja viumbe hai vilivyotawanywa mbinguni na ardhini, na kila siku katika sala zake anamtaja Mola kuwa Mola wa walimwengu wote, si wa ulimwengu mmoja. Katika Ukristo, padri José Gabriel Funes, alipokuwa mkurugenzi wa kituo cha astronomia cha Vatikani, alisema mwaka 2008 katika gazeti la Vatikani kwamba kuamini uwezekano wa viumbe wengine hakupingani na imani kwa Mungu. Imani iliyonusurika njaa, utumwa na vita viwili vya dunia haihitaji kulindwa na karani wa jeshi. Na ukiangalia nchi zilizofungua mafaili yao, taharuki haikuonekana. Kituo cha anga cha Ufaransa, CNES, kimekuwa na ofisi ya kuchunguza ripoti hizi tangu 1977, na mwezi Machi 2007 kiliweka kumbukumbu zake kwenye intaneti. Ripoti nyingi zilipatiwa maelezo, chache hazikupata, na zimeandikwa hivyo. Uingereza nayo ilikabidhi mafaili ya Wizara ya Ulinzi kwa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kwa mafungu, kati ya 2008 na 2013. Hata kwetu Afrika Mashariki uko mfano. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha takriban mita 2.5, yenye uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua, na siku mbili baadaye likatangaza vipimo vyake na kusema kwamba kwa uchunguzi wa awali ni kipande cha roketi. Watu wa Mukuku waliambiwa kile walichokiona.

Linganisha na Roswell. Tarehe 8 Julai 1947 kambi ya jeshi la anga ya Roswell, New Mexico, ilitangaza kwamba imepata kisahani kinachoruka. Siku hiyo hiyo Jenerali Roger Ramey, huko Fort Worth, Texas, akasema ni puto la hali ya hewa. Miaka 47 ilipita. Ndipo mwaka 1994, baada ya Steven Schiff, mbunge wa New Mexico, kudai majibu, Jeshi la Anga lilipoeleza kwamba mabaki yale yaelekea yalitoka katika mradi wa siri wa Mogul: mlolongo wa maputo yenye vipaza sauti vya kunasa, juu sana angani, mtikisiko wa majaribio ya nyuklia ya Kisovyeti. Ninaamini maelezo hayo. Yanaendana na mahali, na wakati, na aina ya mabaki, na yawezekana hata Ramey mwenyewe hakujua habari za Mogul. Lakini yalifika yamechelewa. Wasovyeti walijaribu bomu lao la kwanza tarehe 29 Agosti 1949, na Marekani ililigundua kwa ndege zilizokusanya vumbi la mionzi, si kwa maputo. Sababu ya kuificha Mogul ilikuwa imekufa miongo kadhaa kabla ya ukweli kutoka. Wachunguzi wa Bunge walipotafuta kumbukumbu za kambi hiyo, waliripoti mwaka 1995 kwamba jumbe zilizotumwa kutoka kambini tangu Oktoba 1946 hadi Desemba 1949 zilikuwa zimeharibiwa. Mwaka 1997 jeshi likaongeza kwamba maiti za ajabu zinazosimuliwa na mashahidi zilikuwa masanamu ya majaribio ya miavuli, masanamu yaliyodondoshwa miaka ya 1950 na si 1947, na kwamba mashahidi walichanganya miaka. Baada ya historia kama hiyo, ukweli hufika mlangoni ukiwa umevaa nguo za uongo uliotangulia, na hakuna anayeufungulia. Shirika la kura za maoni la Gallup lilipowauliza Wamarekani mwaka 2019, asilimia 68 walisema serikali yao inajua mengi kuhusu vitu visivyotambulika angani kuliko inavyosema. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Serikali iliyozoea kukanusha yaliyopo haina tena sauti ya kukanusha yasiyokuwapo.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba watu wakiamini visahani vya angani hakuna anayekufa, na usalama wa taifa ni jambo kubwa. Jibu ni kwamba usalama wenyewe ndio ulioumia. Ripoti ya ofisi ya mkuu wa ujasusi wa Marekani ya tarehe 25 Juni 2021 ilipitia matukio 144, mengi yakiwa ya marubani wa jeshi, ikaweza kueleza moja tu kwa uhakika, puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Ripoti hiyo ilitaja waziwazi kwamba kejeli na aibu zinazozunguka jambo hili huwazuia watu kuripoti. Aibu hiyo haikuota yenyewe. Ndiyo ile ambayo jopo la 1953 lilipendekeza ipandwe. Mwezi Februari 2023 matunda yake yakaonekana. Puto la upelelezi la China lilivuka Marekani nzima kabla ya kuangushwa tarehe 4 katika pwani ya South Carolina, na Jenerali Glen VanHerck, wakati huo kamanda wa ulinzi wa anga ya Amerika Kaskazini, alikiri kwamba maputo kama hayo yaliwahi kupita bila jeshi kuyagundua. Katika siku tatu mfululizo, tarehe 10 hadi 12, ndege za kivita ziliangusha vitu vitatu zaidi, juu ya Alaska, Yukon na Ziwa Huron. Jenerali huyo alipoulizwa kama vingeweza kuwa vya viumbe wa nje ya dunia, alisema bado hajaondoa uwezekano wowote. Siku iliyofuata msemaji wa Ikulu alilazimika kusimama mbele ya taifa kusema hakuna dalili yoyote ya viumbe hao. Rais Biden naye akaeleza tarehe 16 kwamba yaelekea vilikuwa maputo ya kampuni binafsi, ya burudani au ya utafiti. Nchi iliyotumia miaka 70 kuwafundisha marubani wake kwamba kuripoti kitu kisichojulikana ni kujidhalilisha, ilifika mahali pa kutojua ni nini kinachoelea juu ya vichwa vya watu wake.

Kuna madhara mengine yasiyotajwa sana: uongo wa dola huwalinda hata wale wanaoisingizia dola. Tarehe 26 Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa afisa wa ujasusi wa Jeshi la Anga, aliapa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi na kusema kwamba ameelezwa kuhusu mpango wa siri wa miongo mingi wa kukusanya vyombo vilivyoanguka. Alisema amehoji watu zaidi ya 40. Alipobanwa kuhusu mambo mahususi, mara nyingi alijibu kwamba hawezi kuyasema hadharani kwa sababu ni siri. Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikakanusha, na ripoti yake ya kihistoria ya Machi 2024 ikasema haikupata ushahidi wowote wa madai hayo. Raia atapima vipi? Mdai anasema ushahidi umefungiwa, mkanushaji anasema kabati ni tupu, na ufunguo uko kwa mmoja wao. Kisha, mwezi Juni 2025, gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba uchunguzi huohuo wa Pentagon ulikuwa umegundua mambo ambayo ripoti ya hadhara haikuyataja: kwamba miaka ya 1980 kanali mmoja wa Jeshi la Anga alimpa mwenye baa karibu na Area 51, kambi ya siri ya kujaribia ndege, picha bandia za visahani ili kuficha ndege mpya, na kwamba kwa miongo kadhaa maafisa wapya wa miradi fulani ya siri walionyeshwa nyaraka za uongo kuhusu teknolojia ya viumbe wa angani, kama jaribio la kuwapokea, wakaapishwa wasiseme. Baadhi yao waliishi na imani hiyo miaka mingi. Ikiwa habari hiyo ni sahihi, basi baadhi ya mashahidi wanaolisumbua Bunge leo hawasemi uongo. Wanarudisha kwa uaminifu uongo waliopewa na wakubwa wao.

Linabaki pingamizi moja la siku hizi, nalo lina nguvu kuliko yote. Jeshi la Majini la Marekani husema haliwezi kutoa video zaidi za vitu hivi kwa sababu video huonyesha si kile kilichopigwa picha tu, bali pia uwezo wa kamera: umbali wake, ukali wake, mahali ndege ilipokuwa. Nalikubali. Jicho la jeshi linaweza kubaki siri. Lakini siri ya jicho si siri ya kilichoonekana. Inawezekana kusema, "Tumelitambua, ni puto," au "Hatujalitambua," bila kutoa picha hata moja, na kumpa mtu wa tatu asiye wa jeshi uwezo wa kuingia, kutazama, na kuthibitisha kwamba kilichosemwa ni kweli. Amri ya rais namba 13526 ya mwaka 2009 tayari inakataza kuweka jambo siri ili kuficha kosa au kuepuka aibu. Kinachokosekana ni mtu wa kuisimamia asiyekuwa mwenye kosa wala mwenye aibu.

Mtu huyo alikaribia kupatikana. Mwezi Julai 2023 maseneta Chuck Schumer wa Democratic na Mike Rounds wa Republican walipeleka pendekezo la bodi ya watu tisa, kwa mfano wa sheria ya 1992 iliyofungua kumbukumbu za mauaji ya Rais Kennedy, yenye mamlaka ya kupitia nyaraka zote za jambo hili na kuzitoa hadharani isipokuwa palipo na sababu ya kweli ya usalama. Sheria ya ulinzi ilipopitishwa Desemba mwaka huo bodi hiyo ilikuwa imeondolewa, na kilichobaki ni agizo kwa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kukusanya mafaili. Bunge la Marekani liirudishe bodi hiyo, na liiongezee sharti moja: afisa yeyote anayeulizwa na raia kuhusu kitu alichokiona angani awe na ruhusa ya kusema "sijui" na ruhusa ya kusema "siwezi kukuambia", na asiwe na ruhusa ya kusema asichokiamini.